Sura ya 7: Nani Amlipe Nani, Mwenye Mbuzi au Mwenye Majani?

"Hivi ni kweli kuna nchi mtu analipwa ili mbuzi wake wale majani?"

Swali hili nimeulizwa Mabatini kuliko mahali pengine popote, na ukifika utaelewa kwa nini. Kata hii ya Jiji la Mwanza imepanda mlimani pamoja na mawe yake. Nyumba zimejibana kati ya majabali, bati linagusa bati, na chini Mto Mirongo unapita kuelekea ziwani. Mbuzi wa hapa hawana mbuga. Wanakula maganda ya viazi na ndizi, majani yaliyoota kwenye nyufa za mawe, na mwenyewe akigeuza shingo wanakula mchicha wa jirani, kisha maneno yanaanza. Mwenye mbuzi wa Mabatini amezoea kutoa: hela ya pumba, hela ya dawa, fidia ya bustani ya mtu. Akisikia kuna mwenzake anayepokea fedha kwa kitendo kilekile cha mbuzi kula, lazima aulize mara mbili.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye mbuzi 15, aliuliza hivi: "Sasa baba, hao mbuzi wao wana meno gani ambayo wangu hawana?"

Nilimjibu, "Meno ni yaleyale, mayu. Tofauti iko kwa mwenye majani." Jibu lilikuwa fupi mno. Sura hii ni jibu ambalo ningempa kama tungekuwa na jioni nzima.

Ndiyo, wanalipwa

Mwaka 2009 kampuni ya Google ilikodi mbuzi wapatao 200 wakae kama wiki moja kwenye ofisi zake za Mountain View, California, wamalize nyasi na vichaka badala ya mashine. Kampuni yenyewe ilisema gharama ililingana na ya kukata kwa mashine. Mwaka 2013 uwanja wa ndege wa O'Hare jijini Chicago ulianza kutumia kundi la mbuzi, kondoo, punda na lama, wale wanyama wa Amerika Kusini wenye shingo ndefu, kwenye miteremko ambayo mashine ilishindwa kufika. Mwaka 2015 Amazon ilifungua sehemu ya huduma za nyumbani, pale mtu anapotafuta fundi bomba au wa kumfungia televisheni ukutani. Kwenye orodha hiyo hiyo wakaweka mbuzi wa kukodi.

Kazi hii ina jina lake: malisho lengwa. Maana yake ni kupeleka mnyama wa aina fulani, kwa idadi fulani na kwa siku fulani, mahali palipochaguliwa, ili afanye kazi inayojulikana kwenye majani kisha aondolewe. Neno zito hapo ni "aondolewe". Mbuzi anayekula mpaka ashibe tu yuko malishoni kama mbuzi yeyote. Anayeingizwa kwa shabaha na kutolewa kwa wakati ndiye aliye kazini.

Na soko la mtandaoni kama hilo la Amazon? Hilo mnadani tunalijua, ila kule tunamwita dalali. Dalali hana ng'ombe. Ana watu wawili: mwenye kuuza na mwenye kununua, na ana sifa ya kutowatapeli. Soko la mtandaoni ni dalali aliyehamia kwenye simu, anayeweza kuwakutanisha watu elfu ambao hawajawahi kuonana.

Kwetu fedha inatembea upande wa pili

Usukumani habari hii inashangaza kwa sababu tumezoea kinyume chake. Mtu akishavuna mahindi au mpunga, mfugaji ndiye anayekwenda kuomba mabua. Atatoa fedha, au atakubali ng'ombe wake walale shambani waache samadi.

Chukua ngitili. Hili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakue bila kuguswa, kisha lifunguliwe kiangazi wakati kwingine kumebaki vumbi. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani, nyingi zikapotea, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ukawasaidia wanavijiji kuzirudisha kwa maelfu ya hekta. Mwenye ngitili yenye majani mwezi wa tisa ana mali mkononi, na mwenye ng'ombe atamfuata na fedha zake. Hapo hakuna wa kumlipa mfugaji. Analipa yeye, na anashukuru.

Sasa peleka macho kwenye viwanja vilivyopimwa Buswelu au Kiseke. Mwenye kiwanja yuko Dar es Salaam. Alinunua, akaweka msingi, fedha ikakata. Mvua za masika zinapiga, na mwezi wa nne majani yamefika kiunoni. Majirani wanapiga simu: nyoka wameonekana, vibaka wanajificha humo, watoto wanapita hapo kwenda shule. Majani ambayo mwezi wa tisa mfugaji angeyalilia, mwezi wa nne ni kero ambayo mtu yuko tayari kulipa iondoke.

Swali la nani amlipe nani linajibiwa na kitu hicho kimoja. Majani yakiwa mali, mfugaji analipa. Yakiwa mzigo, analipwa. Kiwanja kinaweza kuwa kilekile, tena ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayetaka kuuza huduma hii Mwanza asianze kwa kuhesabu mbuzi wake. Atembee kwanza, aone ni wapi majani yanamchosha mtu.

Sehemu hizo zipo. Ipo miteremko ya mawe ya Isamilo, ambako mfyekaji anashindwa kuzungusha fyekeo bila kugonga jiwe. Zipo bustani za miembe zenye magugu chini. Pwani, mashamba ya mkonge yamekuwa yakilisha ng'ombe kati ya mistari kwa miaka mingi, ingawa mwenye shamba na mwenye ng'ombe mara nyingi ni mtu mmoja, kwa hiyo hakuna ankara. Na kuna jambo jipya linalokuja jirani yetu: mradi wa umeme wa jua wa Kishapu, Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150. Chini ya paneli za jua majani huota, na yakiinuka yanaziba mwanga. Marekani kazi hiyo wanapewa kondoo. Mbuzi hawatakiwi kabisa, maana hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya.

Tusishangae sana kuhusu wanyama kufanya kazi ya palizi, sisi watu wa ziwa. Miaka ya 1990, magugu maji yalipofunga mialo yetu, walioletwa kusaidia walikuwa wadudu wadogo aina ya fukusi wanaokula gugu hilo tu.

Kila mbuzi kwa urefu wa kamba yake

Methali hii siku hizi husemwa ofisini kuliko zizini. Hapa naitumia kwa maana yake ya kwanza, kwa sababu ndani yake mna hesabu nzima ya biashara.

Mbuzi wetu wa kienyeji ana kilo 25 hivi. Kwa siku hula kama kilo 3 za majani mabichi, wakati mwingine 4. Kamba ya mita 3 iliyofungwa kwenye mambo inampa duara la mita za mraba 28. Tuseme kila mita ya mraba ina kilo moja ya majani, na tunataka ale theluthi mbili abakize theluthi, ili udongo wa mlimani usibaki uchi ukasombwa na mvua. Duara hilo lina kilo 19 za kuliwa. Ukigawanya kwa 3 unapata siku 6 na ushee.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Maduara ya namna hiyo yanaingia 15, safu tatu za matano. Kwa hiyo mbuzi 15 wa mama jirani yangu wanahitaji siku 6, na bado pembe kati ya duara na duara zitabaki na majani mpaka mambo zihamishwe.

Nilipomchorea maduara hayo mchangani kwa kijiti aliyatazama, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Siku sita nani anakaa nao?"

Hapo ndipo biashara hii inaposimama au kuanguka. Tufanye hesabu ya mfano, nambari ni zangu, kila mtu aweke za kwake. Mchungaji shilingi 10,000 kwa siku, siku 6, ni 60,000. Kirikuu kuwapeleka na kuwarudisha, 40,000. Akiba ya dawa na dharura, 20,000. Jumla 120,000 kwa kiwanja kimoja. Kijana mwenye fyekeo atakifyeka kwa siku mbili kwa bei ya chini zaidi. Kwenye kiwanja kimoja cha tambarare mbuzi wanashindwa, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia ndoto.

Lakini badilisha mambo mawili. Wenye mbuzi watatu waunganishe mifugo yao iwe 45, na wenye viwanja vitano vya mtaa mmoja wakubali pamoja. Kazi ya siku 6 inakuwa ya siku 2 kwa kiwanja, siku 10 kwa vyote vitano. Mchungaji ni yuleyule: 100,000. Kirikuu safari tatu, 120,000. Dharura, 50,000. Jumla 270,000, sawa na 54,000 kwa kiwanja. Bei imeshuka zaidi ya nusu, na hakuna mbuzi aliyeongeza kasi ya kutafuna.

Kwa ufupi mpaka hapa: 
- Huduma hii inauzika pale tu majani yanapokuwa mzigo kwa mwenye ardhi.
- Mbuzi wanamshinda mfyekaji kwenye mawe, miiba na mteremko. Kwenye kiwanja kimoja cha tambarare wanashindwa.
- Gharama kubwa ni mchungaji na usafiri, na zote mbili zinashuka watu wakiunganishwa.

Jicho la mchungaji

Nimekaa juu ya jiwe mara nyingi nikiangalia kijana anayewachunga mbuzi wa hapa mtaani kwetu. Mbuzi akiingia kwenye kichaka haanzi popote. Anasimama kwa miguu ya nyuma, mdomo wa juu unajipinda kama vidole, anachuma ncha laini. Kesho yake anarudi kwenye majani makubwa. Siku ya tatu anaanza kugeuza kichwa pembeni na kukwangua gamba kwa meno ya chini. Kijana akiona kichwa kimegeuka tu, ananyanyuka. Hangoji kuona jeraha kwenye shina. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Akishaanza kutafuna pembeni, kichaka kimeisha. Sasa anakula mti wa watu."

Hicho ndicho kinachouzwa. Mdomo wa mbuzi unapatikana kila mahali. Kinachoadimika ni mtu anayejua lini awaingize na lini awatoe. Anayejua kwamba mbuzi hupenda vichaka na kondoo hupenda nyasi fupi, kwa hiyo mteja mwenye ukoka mtupu anahitaji kondoo. Anayejua lantana kwa sura, kile kichaka cha maua madogo ya rangi mchanganyiko chenye majani yanayonuka ukiyafikicha, kwamba kikiliwa kwa wingi huharibu ini. Anayetupa jicho kwenye ua la mteja na kuiona oleanda, maua mazuri ya waridi yanayoweza kuua mnyama kwa majani machache, na kusema kabla ya kufungua mlango wa kirikuu: hapa hatushuki mpaka ule mti uzungushiwe.

California wamelijua hili kwa njia ya fedha. Mchungaji wa mbuzi hulala karibu na kundi na anahesabika kuwa kazini usiku na mchana. Mwaka 2023 kampuni za mbuzi wa kukodi kule zililalamika kwamba kanuni za malipo ya saa za ziada zingepandisha malipo ya mchungaji mmoja kutoka dola kama 3,730 kwa mwezi hadi kama 14,000. Kampuni zilisema zingefunga. Mimi nilipoisoma habari hiyo niliona upande wa pili pia: wakihesabu saa zake kweli, mchungaji ni ghali kuliko kundi. Kwetu hatujawahi kumhesabia. Vijana wengi wanachunga mwaka mzima kwa ahadi ya ndama mmoja, wengine kwa chakula na mahali pa kulala. Ikiwa biashara hii mpya itajengwa juu ya desturi hiyo, itakuwa imeanza kwa dhuluma, na sitaki kumshauri mtu yeyote aijenge hivyo. Ile 10,000 ya siku kwenye hesabu yangu iwe ya kwanza kulipwa, kabla ya kirikuu.

Simu inauza uaminifu

Je, programu ya simu inaweza kufanya kazi hii Mwanza? Mfano wetu wa karibu ni Hello Tractor, iliyoanza 2014 Nigeria na kuingia nchi nyingine za Afrika ikiwemo Kenya. Inawakutanisha wenye matrekta na wakulima wadogo. Walikuta tatizo lilelile la kiwanja kimoja: hakuna trekta litakalosafiri kilomita nyingi kwa ajili ya ekari moja. Dawa yao ilikuwa mawakala, watu wa kijijini wanaokusanya maombi ya majirani wengi, hata wasio na simu janja, mpaka yatoshe kumleta mwenye trekta. Programu inahesabu na kufuatilia. Anayeaminiwa ni wakala.

Kwa hiyo Mabatini sioni haja ya kuanza na programu. Kundi la WhatsApp linatosha, pamoja na Lipa Namba na wakala mmoja anayefahamika mitaa ya juu na ya chini. Kinachotakiwa ni tangazo linalosema ukweli wote. Mteja ambaye hajakuona atataka kujua:

- Wanyama gani, wangapi, na wamechanjwa nini. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini 2008, na kundi linalotembea nyumba kwa nyumba linaweza kuibeba.
- Mchungaji ni nani na ana uzoefu gani.
- Picha za kazi iliyopita, kabla na baada, zilizopigwa kutoka sehemu ileile.
- Siku za kuingia na za kutoka, na majani yatabaki urefu gani.
- Nani analipa mche ukiliwa, na nani analipa mbuzi akiibwa usiku.

Hilo la mwisho litaudhi watu, na ndilo la kuandikwa kwa herufi kubwa. Ugomvi wa mifugo na mazao katika nchi hii umemwaga damu. Biashara inayomwingiza mbuzi kwenye ardhi ya mtu kwa hiari ya pande zote mbili haina sababu ya kuacha fidia ijadiliwe baada ya mche kuliwa. Nusu ya malipo itangulie, nusu ibaki kwa wakala mpaka mwenye kiwanja, au jirani aliyemteua, apite na kuona.

Kuhusu uzio: watu wa ziwani tuna nyavu chakavu za dagaa, macho yake ni madogo, pembe hazinasi kirahisi. Zungusha kwenye fito. Haitamzuia mbuzi aliyeamua kutoka. Itamwonyesha mchungaji mpaka uko wapi, na kumzuia mbuzi ni kazi ya mchungaji.

Ruhusa

Hili ni fupi lakini lisirukwe. Sheria ndogo za miji hukataza mifugo kuzurura, kwa hiyo anza kwa afisa mifugo wa kata na mtendaji wa mtaa, mweleze ni kazi gani, wapi, siku ngapi. Mabatini iko Jiji la Mwanza. Buswelu na Kiseke ziko Manispaa ya Ilemela. Ni halmashauri mbili, uliza kibali pande zote mbili kabla mbuzi hawajapanda gari. Na wenye nyumba za ufukweni watakaopiga simu kwanza, maana vichaka vyao ni vingi, waulizwe umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto dhidi ya shughuli zinazoweza kuharibu hifadhi. Majani ya ukingo ndiyo yanayoshika udongo usiingie majini. Kazi iliyo ndani ya mita hizo ikatae, hata bei ikiwa nzuri.

Tangazo la mama jirani

Tuliliandika pamoja kwenye simu yake, tumekaa kizingitini, mbuzi wakicheua nyuma ya mlango wa bati. Yeye alisema, mimi nikabonyeza. Tangazo la kwanza lilikuwa "Mbuzi 15 wa kukodi, wanakula kila kitu." Nikamwomba afute "kila kitu", akakubali kwa shingo upande, akasema mteja anapenda kusikia hivyo.

Kisha akamwita yule kijana, akamsomea. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi nipo wapi humo?"

Mama akanitazama. Akaichukua simu mwenyewe, akafuta lote, akaanza upya kwa kidole kimoja, polepole, herufi moja moja. Mstari wa kwanza aliweka jina la kijana, na mbele yake "anajua majani." Mbuzi wakaja mstari wa pili.